Kipimo Kitoke Kazini: Wanawake na Mafunzo Magumu ya Jeshi

Tarehe 21 Agosti 2015, katika kambi ya Fort Benning, jimbo la Georgia nchini Marekani, askari 96 walivishwa begani kitambaa chembamba cheusi chenye neno "Ranger" kwa rangi ya dhahabu. Wanaume walikuwa 94. Wanawake walikuwa wawili: Kapteni Kristen Griest, ofisa wa polisi jeshi, na Luteni Shaye Haver, rubani wa helikopta za kivita za Apache. Tangu shule hiyo ianzishwe mwaka 1950, wakati wa vita vya Korea, hakuna mwanamke aliyewahi kuhitimu. Miezi miwili baadaye akafuata Meja Lisa Jaster, mhandisi wa jeshi la akiba mwenye umri wa miaka 37 na mama wa watoto wawili.

Kabla hata sherehe haijaisha, maswali yalishaanza kuulizwa. Je, walipita kwa kipimo kilekile walichopita wanaume? Je, wakuu wa jeshi hawakuwabeba ili kuwafurahisha wanasiasa? Na kama kipimo kilikuwa kimoja, je, ni haki kumpima mwanamke kwa kipimo cha mwanaume? Ukisikiliza kwa makini utagundua kwamba maswali haya yanavutana. Wapo wanaodai kipimo kimoja kwa sababu wanaamini kitawazuia wanawake, na wapo wanaodai kipimo tofauti kwa sababu wanaamini bila hicho mwanamke hataingia. Pande zote mbili zinaanza na mwanamke. Ninavyoona mimi, mahali pa kuanzia ni kazi. Kazi ya vita ikichambuliwa vizuri itatupa kipimo chake yenyewe, na kipimo hicho kikishapatikana kisipunguzwe wala kuongezwa kwa ajili ya mtu yeyote.

Shule yenyewe

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa sana. Shule ya Ranger si kikosi. Ni mafunzo ya uongozi wa vikundi vidogo vya vita, na mhitimu hurudi kwenye kikosi chake cha awali akiwa na kitambaa kile begani. Kikosi cha makomandoo kinachoitwa Regimenti ya 75 ya Ranger kina mchujo wake mwingine kabisa. Ndiyo maana Agosti ile Griest na Haver walihitimu mafunzo yanayoheshimiwa na kila askari wa miguu wa Marekani, huku kazi ya askari wa miguu ikiwa bado imefungwa kwa wanawake.

Mafunzo huchukua siku 62 kwa anayepita bila kurudia hatua yoyote. Yana hatua tatu: ya kwanza Fort Benning, ya pili kwenye milima ya kaskazini mwa Georgia, ya tatu kwenye vinamasi vya Florida. Siku za mwanzo ndizo zinazochuja wengi. Mwaka 2015 mwanafunzi alitakiwa kupiga pushapu 49 ndani ya dakika mbili, kuinua kiwiliwili kutoka chali mara 59 ndani ya dakika mbili nyingine, kukimbia maili tano, yaani kilomita nane, kwa dakika 40, na kujivuta kwenye chuma mara sita. Kisha kuna matembezi ya maili 12, zaidi ya kilomita 19, akiwa na shanta la kilo 16 hivi na bunduki mkononi, kwa saa tatu. Anayechelewa anafunga mizigo yake.

Akivuka hapo ndipo mtihani wenyewe unapoanza. Chakula ni kidogo, usingizi ni wa saa chache, na kila siku kuna doria. Kwa zamu, mwanafunzi anapewa uongozi wa wenzake waliochoka kama yeye: apange jinsi ya kumvizia adui, asome ramani gizani, ahakikishe hakuna aliyesinzia na bunduki imeelekezwa kusikofaa. Wakufunzi wanampa alama. Na mwisho wa kila hatua, wenzake nao wanampima: kila mmoja katika kikundi anawapanga wenzake kuanzia anayemtegemea zaidi hadi anayemtegemea kidogo. Mwenye mabavu asiyesaidia wenzake huangushwa na karatasi hiyo.

Hatari yake ni ya kweli. Februari 1995 wanafunzi wanne walikufa kwa baridi kwenye vinamasi vya Florida, baada ya kukaa muda mrefu ndani ya maji. Jeshi lilibadilisha taratibu nyingi za usalama baada ya msiba huo. Mwaka huohuo hatua ya nne ya mafunzo, iliyofanyika jangwani tangu 1983, ilifutwa. Nayataja haya kwa sababu wapo wanaozungumza kana kwamba viwango vya shule hii vilichongwa kwenye jiwe na havijawahi kuguswa hadi walipofika wanawake. Vimeguswa mara nyingi. La kuuliza kila mara ni kwa sababu gani.

Njia ya wale wa kwanza

Safari ya wanawake ilianza mapema 2015. Ili kuruhusiwa kujaribu, walitakiwa kwanza kupita kozi ya maandalizi ya wiki mbili. Zaidi ya wanawake 100 waliingia katika kozi hizo, wakafaulu 20. Mwezi Aprili, 19 kati yao walianza shule pamoja na wanaume wapatao 380. Wanane walivuka siku za mwanzo. Kisha wote wanane wakaanguka katika hatua ya kwanza ya doria, wakapewa nafasi ya kuirudia, wakaanguka tena. Watano wakarudishwa makwao. Watatu waliobaki, Griest, Haver na Jaster, wakaambiwa wanaweza kuendelea kwa sharti moja: waanze upya tangu siku ya kwanza, pushapu na matembezi ya maili 12 vikiwemo. Walikubali. Mafunzo ya miezi miwili yakawachukua Griest na Haver miezi minne, na Jaster karibu miezi sita.

Hapa ndipo madai ya upendeleo yaliposhika. Mbunge Steve Russell wa Oklahoma, naye akiwa mhitimu wa shule hiyo, aliliandikia jeshi akitaka kumbukumbu za tathmini zao. Wakosoaji walisema mtu aliyeanguka mara mbili alipaswa kuondoka. Wakasema pia kwamba wakuu walikuwa wakifuatilia kozi hiyo kwa karibu mno, na mkufunzi anayetazamwa na majenerali hawezi kuwa huru. Jeshi, kupitia Meja Jenerali Scott Miller aliyekuwa mkuu wa Fort Benning, lilikana kwamba viwango viliguswa.

Haki inatutaka tupime hoja hizi bila kuzibeza. Ni kweli kwamba nafasi ya kuanza upya hutolewa mara chache. Lakini ipo katika taratibu, na wanaume wamewahi kuipata. Kurudia hatua ni jambo la kawaida kabisa katika shule hiyo. Wanaume wengi wanaovaa kile kitambaa walirudia angalau hatua moja. Wala kuanza upya si kupunguziwa: ni kubeba mzigo uleule tena kwa mwili ambao tayari umechoka na kupungua uzito. Ushahidi wa wazi wa alama kubadilishwa haukuletwa.

Upo pia ushahidi wa wale waliolala nao kwenye matope. Siku moja kabla ya kuhitimu, luteni mmoja aliwaeleza waandishi wa habari kilichompata milimani. Mzigo ulikuwa umemzidi nguvu. Akapita kwa wenzake mmoja baada ya mwingine, kuanzia mbele ya msafara hadi nyuma, akiomba amsaidie yeyote kubeba sehemu. Kila mmoja alikuwa hoi. Aliyekubali alikuwa Shaye Haver peke yake. Luteni huyo alisema bila yeye huenda asingefika siku ile. Ushuhuda huu una uzito kuliko hotuba ya jenerali yeyote, kwa kuwa aliyeutoa alikuwa mshindani wake kwenye karatasi ya alama, na hakuwa na sababu ya kumpamba.

Hata hivyo, mashaka yale yanatufunza jambo. Kipimo kisichoonekana hakiaminiki hata kikiwa cha haki. Jeshi linalotaka wahitimu wake wa kike waheshimiwe linapaswa kuweka wazi taratibu za kurudia, idadi ya wanaorudia na sababu zake, kwa wanaume na kwa wanawake. Siri humchafua aliyefaulu kihalali.

Kazi ilitangulia ruhusa

Wengi hudhani mlango wa wanawake kuingia vitani ulifunguliwa na wanaharakati. Historia inaonyesha kwamba mara nyingi ulifunguliwa na mahitaji ya uwanja wa vita.

Bara letu lilikwishajua hilo kabla ya Marekani kuwa na shule yoyote ya Ranger. Mwaka 1861, huko Abomey katika ufalme wa Dahomey, Benin ya leo, padri wa Kiitaliano Francesco Borghero alishuhudia mbele ya Mfalme Glele mazoezi ya askari wa kike. Walivamia boma lililozungushiwa vizuizi vya miba ya mgunga, wakapanda miguu peku huku miba ikiwachana, wakashuka upande wa pili na kurudia. Wanawake hao walipigana na Wafaransa katika vita vya 1890 na 1892. Katika vita vya pili vya dunia, Umoja wa Kisovieti ulikuwa na shule maalumu ya wadunguzi wa kike karibu na Moscow. Baadaye, nchini Eritrea, wanawake walikuwa karibu theluthi moja ya wapiganaji wa ukombozi wa EPLF. Swali la kama mwanamke anaweza kustahimili vita lilishajibiwa kwa damu. Lililobaki ni la namna ya kumchagua, sawasawa na mwanaume anavyochaguliwa.

Marekani ilichelewa kulifikia. Mwaka 1980 Kapteni Kathleen Wilder alihudhuria kozi ya maofisa wa vikosi maalumu. Karibu na mwisho aliambiwa kwamba ameanguka katika zoezi la porini. Alilalamika, uchunguzi ukafanyika, ikabainika kwamba alinyimwa kuhitimu isivyo haki. Mwaka 1981 akapewa cheti chake, lakini nafasi ya kukifanyia kazi hakuipata. Mwaka 1994 Wizara ya Ulinzi ikaandika rasmi kwamba wanawake hawatapangwa katika vikosi ambavyo kazi yake kuu ni mapigano ya ardhini ya ana kwa ana.

Kisha zikaja vita vya Iraq na Afghanistan, ambako mstari wa mbele haukuwepo. Mwaka 2005 Sajini Leigh Ann Hester, askari wa polisi jeshi aliyekuwa akilinda msafara wa magari nchini Iraq, alipigana ndani ya mahandaki ya maadui na kutunukiwa nishani ya Silver Star. Nchini Afghanistan makomandoo wa kiume walikwama kwenye jambo moja: hawakuweza kuwapekua wala kuwahoji wanawake wa Kiafghani bila kuvunja heshima ya nyumba za watu. Ndipo zikaundwa timu za askari wa kike zilizoandamana na makomandoo katika operesheni za usiku. Luteni Ashley White alikuwa katika mojawapo ya timu hizo alipouawa Kandahar mwezi Oktoba 2011, pamoja na makomandoo wawili. Kwenye makaratasi mwanamke hakuwa vitani. Kwenye jeneza alikuwemo.

Januari 2013 Waziri wa Ulinzi Leon Panetta alifuta marufuku ya 1994. Tarehe 3 Desemba 2015 waziri wa wakati huo, Ash Carter, akatangaza kwamba kazi zote za kijeshi ziko wazi bila ubaguzi, kwa yeyote atakayefikia kiwango. Norway ilikwishafanya hivyo mwaka 1985 na Kanada mwaka 1989, isipokuwa kwenye nyambizi. Uingereza ilifuta marufuku yake kwa awamu kati ya 2016 na 2018.

Mwili unasema nini

Wanaotetea wanawake wasiogope sehemu hii. Tofauti za kimwili zipo, na kuzikana ni kuwapa wapinzani silaha. Kwa wastani mwanamke ana misuli michache zaidi ya mikono na kifua, damu yake hubeba oksijeni kidogo zaidi, na mifupa yake iko katika hatari kubwa zaidi ya kupata nyufa kutokana na mizigo na matembezi marefu. Mazoezi yanapunguza pengo hilo lakini hayalifuti.

Uingereza ilijifunza kwa uchungu. Mwaka 1998 jeshi lake la nchi kavu lilianza kuwapokea na kuwafunza makuruti kwa vigezo visivyotazama jinsia. Wanawake walioachishwa kwa sababu za kiafya kutokana na majeraha ya mazoezi waliongezeka kutoka asilimia 4.6 hadi asilimia 11.1. Kwa wanaume kiwango kilibaki chini ya asilimia 1.5.

Mwaka 2015 kikosi cha Marine cha Marekani nacho kilitoa matokeo ya jaribio kubwa lililolinganisha vikundi vya wanaume watupu na vikundi vya mchanganyiko. Katika kazi 134 zilizopimwa, vikundi vya wanaume vilifanya vizuri zaidi katika 93, sawa na asilimia 69: kupiga shabaha, kuvuka vizuizi, kumwondoa majeruhi. Wanawake waliumia zaidi. Kamanda wa Marine wakati huo, Jenerali Joseph Dunford, alitumia matokeo hayo kuomba baadhi ya kazi zibaki za wanaume. Ombi lake halikukubaliwa.

Je, matokeo hayo yanamaliza ubishi? Hapana, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba wanaume wengi katika jaribio hilo walikuwa na uzoefu wa kazi ya askari wa miguu, na wanawake wengi walikuwa wametoka kwenye mafunzo muda si mrefu. Ya pili ni nzito zaidi: jaribio lilipima wastani. Hata takwimu za Marine wenyewe zilionyesha kwamba wanawake waliokuwa juu kabisa kwa nguvu walilingana na wanaume waliokuwa chini, wanaume ambao hakuna aliyependekeza wafukuzwe. Jeshi halipeleki wastani vitani, linapeleka mtu mwenye jina na namba. Mvulana mwembamba wa kilo 58 hazuiwi kujaribu ukomandoo kwa sababu ya wastani wa watu wembamba. Anapewa shanta, anaambiwa atembee. Msichana naye apewe shanta, atembee.

Wanaokubali hoja hii wakubali pia matokeo yake: watakaofaulu watakuwa wachache. Katika kozi ya maofisa wa miguu ya Marine huko Quantico, wanawake wapatao 30 walijaribu tangu 2012 bila mafanikio, hadi Septemba 2017 alipofaulu wa kwanza. Nchini Uingereza, Kapteni Pippa Tattersall alipita kozi ya makomandoo mwaka 2002, na ilichukua hadi mwaka 2020 kwa Kapteni Rosie Wild kuwa wa kwanza kupita mchujo wa askari wa miavuli, ambao unajumuisha kusafiri maili kumi na shanta zito kwa saa moja na dakika 50. Katika shule ya Ranger wamefaulu zaidi ya 100 tangu 2015, miongoni mwa maelfu ya wanaume. Uchache huo si dosari ya mfumo. Lawama inastahili siku anayeweza anapozuiwa, au siku asiyeweza anapopitishwa ili idadi ipendeze.

Vipimo viwili vinavyochanganywa

Sehemu kubwa ya kelele inatokana na kuchanganya vipimo vya aina mbili. Kuna kipimo cha afya, kinachouliza kama askari anautunza mwili wake. Na kuna kipimo cha kazi, kinachouliza kama anaweza kufanya jambo fulani: kumburuta majeruhi wa kilo 90 pamoja na zana zake, kupakia risasi ya kifaru, kutembea usiku kucha na mzigo kisha apigane.

Kipimo cha afya kinaweza kutofautiana kwa umri na jinsia bila kumdhulumu mtu. Mkimbiaji wa miaka 50 anayetumia dakika 18 kwa maili mbili anaweza kuwa na moyo wenye afya kuliko kijana anayetumia dakika 16. Hakuna anayelalamika kwamba kanali anapimwa kwa jedwali tofauti na la kuruti. Kipimo cha kazi hakina nafasi hiyo. Majeruhi hapungui uzito kwa sababu anayemburuta ni mwanamke, na ukuta haushuki kwa sababu anayeupanda ana miaka 45. Sheria ya bajeti ya ulinzi ya Marekani iliyotiwa saini mwaka 1993 ilikwishasema kwamba kazi zilizo wazi kwa wote zipimwe kwa kigezo kisichotazama jinsia.

Jeshi la nchi kavu la Marekani lilijichanganya lenyewe lilipojaribu kuviunganisha vipimo hivi. Mtihani wake mpya wa mwaka 2020 ulikuwa mmoja kwa wote: muuguzi, fundi wa kompyuta na askari wa miguu. Tukio moja lilimtaka askari aning'inie kwenye chuma na kuinua magoti hadi yaguse viwiko. Wanawake wengi waliangukia hapo. Bunge likaagiza mapitio huru, na taasisi ya utafiti ya RAND ikaonyesha kwamba uhusiano kati ya baadhi ya matukio ya mtihani huo na kazi halisi za vita ulikuwa dhaifu. Zoezi lile likaondolewa, na mwaka 2022 jeshi likarudi kwenye majedwali tofauti ya umri na jinsia kwa wote, askari wa miguu wakiwemo.

Pande zote mbili za marekebisho hayo zilikosea. Kumpima muuguzi kama komandoo ni kumfukuza muuguzi mzuri kwa kosa ambalo wagonjwa wake hawataliona kamwe. Kumpima askari wa miguu wa kike kwa jedwali lake mwenyewe ni kumwachia mwenzake shaka moyoni. Aliyelisema hili kwa nguvu kuliko wote alikuwa Kristen Griest mwenyewe, aliyekuwa ofisa wa kwanza wa kike wa askari wa miguu mwaka 2016. Februari 2021 aliandika makala akipinga kuwalegezea wanawake viwango katika vikosi vya mapigano. Hoja yake ilikuwa kwamba punguzo hilo lingehatarisha kikosi, na pia lingemrudishia kila mwanamke aliyefaulu kihalali dhana kwamba amebebwa.

Mwaka 2025 mkondo uligeuka. Machi 30, Waziri wa Ulinzi Pete Hegseth aliagiza kazi za mapigano zitenganishwe na nyingine na ziwe na viwango visivyotazama jinsia. Kuanzia Juni 1 jeshi la nchi kavu likaanza mtihani mpya wenye jedwali moja kwa wanaume na wanawake katika fani 21 za mapigano. Kwa msingi, huo ni uamuzi sahihi. Lakini Septemba 30, akiwahutubia majenerali huko Quantico, waziri huyo alisema kipimo kiwe kile cha juu cha wanaume. Hapo hoja iliteleza. Kipimo cha kazi hakipaswi kuwa cha wanaume wala cha wanawake. Ukikiita cha wanaume umeacha kuitazama kazi, umerudi kuitazama jinsia kutoka upande wa pili.

Njia ya kuelekea kwenye mtihani

Kipimo kimoja hakimaanishi kila kitu kiwe kimoja. Uingereza inatupa mfano wa wazi. Askari wa kike wa jeshi la anga waliokuwa makuruti walipangwa kwenye gwaride pamoja na wanaume warefu, wakalazimishwa kunyoosha hatua zao zilingane na za wanaume, siku baada ya siku. Baadhi yao waliumia nyonga na migongo, na mwaka 2013 ilifahamika kwamba Wizara ya Ulinzi iliwalipa fidia. Urefu wa hatua kwenye kwata haumwokoi mtu yeyote vitani. Ulikuwa mazoea, na mazoea hayo yalivunja mifupa ya askari ambao nchi ilikuwa imegharamia kuwafunza.

Vazi la kuzuia risasi ni hivyohivyo. Kwa miaka mingi wanawake wa jeshi la Marekani walivaa lililokatwa kwa kifua cha mwanaume: liliacha nafasi wazi kwapani, liligonga nyonga, na lilizuia kitako cha bunduki kukaa vizuri begani. La kike lilianza kutolewa karibu na mwaka 2013, zaidi ya miaka kumi baada ya vita vya Afghanistan kuanza. Kumpa askari vazi linalomkaa si upendeleo. Wanaume wafupi na wembamba nao walinufaika. Kumwandaa mwanamke kwa miezi kadhaa ya kunyanyua vyuma kabla ya mchujo nako si kulegeza mchujo. Ni kuhakikisha kwamba mchujo unapima uwezo wake wa mwisho, na kwamba hachujwi kwa kuwa hakuna aliyewahi kumfundisha kubeba.

Je, vikosi vya wanawake peke yao ni suluhisho? Inategemea kazi. Norway ilianzisha mwaka 2014 kikosi maalumu cha wanawake cha upelelezi, Jegertroppen, baada ya kuona Afghanistan kwamba zipo kazi ambazo mwanaume hawezi kuzifanya. Hapo kazi ndiyo iliyodai mwanamke, hivyo kikosi kina mantiki. Lakini kumtenga mwanamke kwa sababu tu ni mwanamke humwekea dari. Kenya ilikuwa na Kikosi cha Wanawake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kilipovunjwa karibu na mwaka 2000 na askari wake kuingizwa katika majeshi ya kawaida, ngazi za juu zilifunguka. Fatuma Ahmed, aliyejiunga na jeshi mwaka 1983, akawa brigedia mwaka 2015, meja jenerali mwaka 2018, na Mei 2024 kamanda wa jeshi la anga, wa kwanza wa kike katika nafasi hizo zote.

Wapo wanaosema mshikamano wa kikosi utavunjika, au kwamba jamii haitavumilia kuona miili ya mabinti zake ikirudi. Kuhusu mshikamano, karatasi ya alama za wenzake katika shule ya Ranger ni jibu tosha: askari waliochoka humpenda anayebeba. Unyanyasaji wa kijinsia upo na ni mbaya, lakini dawa yake ni kumwadhibu mnyanyasaji, si kumfungia nje anayenyanyaswa. Kuhusu jamii, Kanada ilimzika Kapteni Nichola Goddard, ofisa wa mizinga aliyeuawa Afghanistan Mei 2006, kwa heshima zote. Haikufunga milango yake.

Tunachopaswa kudai

Nchi yoyote inayowaita mabinti zake kuilinda, na nchi zetu zinawaita, inaweza kutumia mtihani wa maswali manne kwa kila kipimo cha jeshi lake. Kimetokana na kazi gani, na nani aliipima kazi hiyo? Je, anayeshindwa, awe mwanaume au mwanamke, anaondoka bila ubishi? Je, wote wamepewa maandalizi na zana zinazowakaa? Na je, matokeo yanaonekana, ili aliyefaulu asisemwe na aliyefeli asijifariji kwa uvumi?

Kipimo kikijibu maswali haya, idadi ya wanawake watakaopita isitutie wasiwasi, ikiwa wawili au mia mbili. Kisipoyajibu, hata kikipitisha wanaume watupu ni kipimo kibovu, na adui atakigundua kabla yetu. Ujio wa wanawake umeyalazimisha majeshi kueleza kwa nini yanadai wanayoyadai, jambo ambalo kwa miongo mingi hayakuulizwa na mtu. Faida hiyo ni ya kila askari. Jeshi linalomkataa aliyefaulu linajipunguzia nguvu kwa hiari yake. Linalompitisha asiyefaulu linaweka maisha ya wenzake mikononi mwa mtu asiyeweza kuyabeba. Kiongozi yeyote wa kijeshi anayekubali mojawapo ya makosa hayo, kwa woga wa wanasiasa au kwa dharau ya jinsia, anawalipisha askari wake gharama ambayo yeye hatailipa.